Kitone, Nambari na Jina: Uundaji wa Orodha katika Kurasa za Wavuti za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa isimu anayetayarisha ukurasa wa wavuti kuhusu ngeli za nomino za Kiswahili. Anaandika viambishi vya ngeli kimoja baada ya kingine, kila kimoja katika mstari wake, kuanzia m- na wa- za watu hadi pa-, ku- na mu- za mahali. Kisha anaichagua mistari yote na kubofya kitufe cha orodha yenye nambari. Papo hapo programu inaupa kila mstari nambari yake. Kazi inaonekana nadhifu, nambari zimepangika wima, wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Hata hivyo, ukurasa huo sasa una makosa matano. Baada ya ngeli ya 11, programu imeandika 12 mahali panapotakiwa 14, 13 mahali pa 15, 14 mahali pa 16, 15 mahali pa 17, na 16 mahali pa 18.

Programu haikukosea kuhesabu. Ilipewa mistari 16, nayo ikaihesabu yote 16. Kosa limetokana na jambo ambalo programu haina njia ya kulijua. Nambari za ngeli si hesabu ya mistari iliyomo katika ukurasa wa mtu mmoja. Ni majina yaliyowekwa kwa ajili ya lugha zote za Kibantu, katika utaratibu ulioanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof. Ngeli ya 12 na ya 13, yaani ka- na tu-, zimo katika lugha kama Kikuyu, lakini hazimo katika Kiswahili Sanifu, ingawa ka- ya udogo husikika katika mazungumzo ya Kenya. Ndiyo maana Kiswahili kinaruka kutoka 11 hadi 14. Mwanafunzi atakayeusoma ukurasa huo na kuandika katika mtihani kwamba pa- ni ngeli ya 14 atakuwa amepotoshwa na kitufe.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kutengeneza orodha katika programu ya kuhariri kurasa za wavuti si suala la umbo pekee, bali ni suala la maana, na kwa hiyo ni suala la lugha. Anayechagua kitone badala ya nambari, au nambari badala ya kitone, anatoa kauli kuhusu uhusiano wa mambo anayoyaorodhesha. Programu itaiandika kauli hiyo kwa utiifu kamili, iwe kweli au isiwe kweli. Anayeweza kuipima ni mwandishi mwenyewe, naye atahitaji kuipima kwa sarufi ya lugha anayoiandika.

2.0 Orodha Kabla ya Wavuti

Orodha ni miongoni mwa matumizi ya kale kabisa ya maandishi. Katika mabamba ya udongo ya Uruk, kusini mwa Irak ya leo, yaliyoandikwa mwishoni mwa milenia ya nne kabla ya Kristo, pamoja na kumbukumbu za mali zimo orodha za maneno zilizotumiwa kuwafundishia waandishi. Mwanaanthropolojia Jack Goody, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu athari za maandishi katika fikra, aliitengea orodha sura nzima. Hoja yake ya msingi ni kwamba orodha huyatoa maneno katika mkondo wa usemi na kuyaweka peke yake. Ina mwanzo na mwisho ulio bayana, inaweza kusomwa kutoka juu au kutoka chini, na humlazimisha mwandishi kuamua kipi kimo na kipi hakimo.

Maandishi ya Kiswahili nayo yanaufahamu utaratibu wa namna hii tangu zamani. Shairi lijulikanalo kama Dura Mandhuma, lililotungwa katika enzi ya hati ya Kiarabu, limejengwa juu ya mfuatano wa herufi za hati hiyo, hata msomaji aliyezihifadhi herufi aweze kutambua kama kuna mahali paliporukwa. Katika usemi wa kawaida, mzungumzaji wa barazani au msuluhishi wa ugomvi huhesabu hoja zake kwa kusema kwanza, pili, tatu, mwisho. Kwa hiyo, wavuti haukuwaletea Waswahili dhana ya orodha. Ulichokileta ni kifaa kipya cha kuitekelezea, chenye mantiki yake chenyewe.

Mantiki hiyo ni ya tangu siku za mwanzo za wavuti. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la kwanza katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, mwaka 1989. Programu aliyoiunda mwishoni mwa 1990 iliweza kuonyesha kurasa na kuzihariri pia. Maelezo ya mwanzo ya lugha ya HTML, yaliyotolewa mwaka 1991, tayari yalikuwa na lebo za orodha, na kufikia toleo la HTML 2.0, Novemba 1995, aina tatu zilizo muhimu hadi leo zilikuwa zimekwishathibitishwa. Baadaye zilikuja programu ambazo humwezesha mtu kuhariri ukurasa kama anavyouona bila kuandika lebo kwa mkono, kama FrontPage, na Dreamweaver iliyotolewa mwaka 1997. Leo sehemu kubwa ya uhariri hufanyika ndani ya kivinjari chenyewe. Vitufe vimebadilika sura mara nyingi, lakini kinachoandikwa nyuma ya vitufe hivyo ni kilekile.

3.0 Kinachofanyika Nyuma ya Kitufe

Aina tatu za orodha za HTML ni hizi. Ya kwanza ni orodha isiyo na utaratibu maalumu, ambayo hufungwa katika lebo ul na kuonyeshwa kwa vitone. Ya pili ni orodha yenye utaratibu, ambayo hufungwa katika lebo ol na kuonyeshwa kwa nambari au herufi. Ya tatu ni orodha ya istilahi na maelezo yake, ambayo hufungwa katika lebo dl. Hii ndiyo inayoifaa faharasa ya maneno au kamusi ndogo, lakini programu nyingi hazikuipa kitufe, na kwa sababu hiyo haifahamiki sana. Katika aina mbili za kwanza, kila kipengele hufungwa katika lebo li.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kitone na nambari hazimo katika matini. Mwandishi hutangaza tu kwamba hiki ni kipengele cha orodha yenye utaratibu, na kivinjari ndicho kinachohesabu na kuchora nambari wakati ukurasa unapofunguliwa. Faida yake ni kubwa. Kipengele kikiongezwa katikati, nambari zote zinazofuata hujirekebisha zenyewe. Lakini gharama yake nayo ipo. Nambari iliyozalishwa na kivinjari haipatikani kwa kutafuta neno katika ukurasa, na mara nyingine hupotea matini yanaponakiliwa kwenda kwingine. Aidha, kama ilivyoonekana katika mfano wa ngeli, nambari hiyo hujirekebisha hata pale ambapo haikupaswa kubadilika.

Katika programu nyingi, utaratibu wa kazi ni mmoja. Kishale huwekwa katika mstari wa kwanza na kitufe cha orodha hubofywa. Kitufe cha Enter huanzisha kipengele kipya, na kukibonyeza mara mbili mfululizo huifunga orodha. Shift na Enter kwa pamoja huleta mstari mpya ndani ya kipengele kilekile, bila kuongeza nambari. Orodha ndogo ndani ya orodha kubwa huundwa kwa kitufe cha kusogeza ndani. Vitone vya ngazi ya pili hubadilika umbo, kwa kawaida kutoka duara lililojaa hadi duara tupu, ilhali nambari za ngazi ya pili huanza tena kwa 1, zisipowekewa mtindo mwingine.

Kinyume cha utaratibu huu ni orodha ya bandia. Hii ni ile ambayo mwandishi huandika kistari, nyota au nambari kwa mkono mwanzoni mwa kila mstari, au hunakili orodha kutoka programu ya kuchapia matini na kuibandika bila kuikagua. Kwa macho huonekana ni orodha. Kwa kivinjari, hizo ni aya za kawaida ambazo kwa bahati zinaanza na alama inayofanana. Katika skrini ndogo ya simu ndipo tofauti inapodhihirika. Mstari wa pili wa kipengele hurudi chini ya kitone badala ya kupangika chini ya neno la kwanza, na orodha huvurugika.

4.0 Hatua Tatu, Hatua ya Tatu

Mwandishi atajuaje kama jambo lake linahitaji kitone au nambari? Sarufi ya Kiswahili inayo tofauti inayoweza kumwongoza. Hatua tatu si sawa na hatua ya tatu, na zote mbili si sawa na chumba nambari tatu. Katika kirai cha kwanza, tatu inataja idadi. Katika cha pili, kihusishi cha a-unganifu kinaigeuza idadi hiyo kuwa nafasi katika mfuatano. Katika cha tatu, neno nambari linaifanya tatu kuwa jina: chumba hicho kitaitwa nambari tatu hata kama vyumba vya kwanza na vya pili vimebomolewa. Kiswahili kinazitenganisha dhana hizi kwa maneno na viambishi. Katika ukurasa wa wavuti, zote tatu huandikwa 3.

Chanzo cha upotofu ni hapo. Lebo ol inajua dhana moja tu, ile ya nafasi katika mfuatano, tena mfuatano usio na mapengo. Mwandishi anayetaka kutaja idadi pekee hana haja ya nambari katika kila mstari. Inamtosha kusema katika sentensi ya utangulizi kwamba mambo ni matano, kisha akatumia vitone. Mwandishi anayetaka kutaja nafasi ndiye aliyeundiwa lebo ol. Mwandishi anayetaka kutaja jina yuko katika hatari, na suala lake litajadiliwa katika sehemu inayofuata.

Kipimo chepesi cha kutofautisha idadi na nafasi ni viunganishi. Mwandishi avisome vipengele vyake kwa sauti akiweka neno kisha kati ya kila kimoja na kinachofuata. Maana ikikubali kisha na kukataa kubadilishwa kwa mpangilio, orodha hiyo inadai nambari. Maana ikikubali na, yaani vipengele vikiweza kupanguliwa bila hasara, vitone vinatosha. Ikikubali au, vitone vitatumika, lakini sentensi ya utangulizi lazima iseme hivyo waziwazi, kwa sababu kitone hakina uwezo wa kutofautisha na kutoka au.

Mfano wa maji ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayeharisha unafaa hapa, kwa kuwa ndani yake mna orodha mbili za aina tofauti. Mahitaji ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Mpangilio wa mahitaji hayo hauna maana yoyote, kwa hiyo vitone vinatosha. Matayarisho, kwa upande mwingine, yana mfuatano:

1. Chemsha maji.
2. Yaache maji yapoe.
3. Pima lita 1 ya maji hayo katika chombo safi.
4. Tia sukari na chumvi kwa vipimo vilivyotajwa.
5. Koroga mpaka sukari na chumvi ziyeyuke.

Kuzichanganya orodha hizi mbili katika orodha moja yenye vitone ni kumwachia mzazi mwenye mtoto mgonjwa kazi ya kukisia. Kosa la kipimo nalo si dogo, kwani chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Ifahamike pia kwamba katika mahitaji hayo Kiswahili kinamlinda msomaji kwa namna ambayo lugha nyingine hazina. Kwa kuwa katika Kiswahili nomino hutangulia na idadi hufuata, kipengele huanza na jina la kitu na tarakimu ya kipimo hukaa mbali na tarakimu ya orodha. Katika lugha ambazo idadi hutangulia nomino, nambari ya mstari na kipimo hukaribiana, na ni rahisi kuzisoma kama tarakimu moja. Mwandishi anayeiga mpangilio wa kigeni na kuandika 6 vijiko vya sukari anautupa ulinzi aliopewa na lugha yake.

Suala la na na au lina uzito wake katika maisha ya kila siku. Tangazo linaloandika kwamba mwombaji awasilishe, na kufuatisha vitone vitatu vya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na pasipoti, halijasema kama vinatakiwa vyote au kimojawapo. Mtu asiye na pasipoti atasoma orodha hiyo na kuacha kuomba, ilhali huenda alikuwa na sifa zote. Neno moja, vyote au kimojawapo, likiwekwa kabla ya vitone, linamwondolea mashaka.

5.0 Nambari Iliyo Jina

Mfano wa ngeli ulioanza mhadhara huu una suluhisho jepesi. Lugha ya HTML humruhusu mwandishi kukipa kipengele chochote cha orodha yenye utaratibu thamani yake mwenyewe. Kipengele cha 12 kikipewa thamani ya 14, vinavyofuata vitaendelea kwa 15, 16, 17 na 18. Sahihisho moja linaondoa makosa yote matano. Programu nyingine za kuhariri hutoa nafasi ya kutaja nambari ya kuanzia kwa orodha nzima pekee. Katika hali hiyo, orodha itakatwa mara mbili, ya pili ianzie 14.

Lakini si kila jina linaweza kuokolewa kwa njia hii. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara ya 107A, iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 2000, inayoitaja Mahakama kuwa ndiyo mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Waandishi wa sheria waliongeza herufi A kwa makusudi, ili ibara ya 108 ibaki kuwa 108 katika hukumu, vitabu na hoja zote zilizokwisha kuitaja. Orodha ya wavuti haiwezi kufanya hivyo. Thamani ya kipengele ni lazima iwe nambari kamili, isiyo na herufi. Ibara ya 107A ikiingizwa katika orodha yenye utaratibu itaitwa 108, na ibara zote zinazofuata zitapewa majina yasiyo yao. Hapo njia sahihi ni kuachana na nambari za programu na kuiandika nambari ya ibara kuwa sehemu ya matini, ikiwezekana kama kichwa cha habari. Kwa kufanya hivyo, inaweza pia kutafutwa na kunakiliwa bila kupotea.

Miaka ya tarehe nayo ni majina. Mfumo wa uandishi wa Markdown, uliotolewa mwaka 2004 na kuenea katika programu nyingi, huugeuza mstari wowote unaoanza na tarakimu, nukta na nafasi kuwa kipengele cha orodha. Tuseme mwandishi wa historia ya Kiswahili anaanza mstari wa kwanza na 1930 kwa ajili ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, wa pili na 1964 kwa ajili ya chuo cha uchunguzi kilichokuja kuitwa TUKI, na wa tatu na 1967 kwa ajili ya BAKITA, na kila mwaka anaufuatishia nukta. Katika mfumo wa awali, miaka hiyo itageuka kuwa 1, 2 na 3. Katika sanifisho la baadaye lijulikanalo kama CommonMark, nambari ya kwanza huheshimiwa na zinazofuata huhesabiwa kutoka hapo, hivyo ukurasa utasomeka 1930, 1931 na 1932. BAKITA itakuwa imezaliwa miaka 35 kabla ya wakati wake. Kosa la kwanza ni la wazi na litagunduliwa. La pili ni la hatari zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli.

Herufi nazo zinahitaji neno. Orodha ya herufi ndogo katika programu hufuata alfabeti ya Kilatini yote: a, b, c na kuendelea, zikiwemo q na x. Katika othografia ya Kiswahili Sanifu, c haisimami peke yake ila ndani ya ch, na q na x hazimo. Lugha ya mitindo ya CSS sasa humwezesha mwandishi kuunda mfululizo wake mwenyewe, na kufikia mwaka 2023 vivinjari vikuu vyote viliukubali uwezo huo. Kwa hiyo orodha ya a, b, ch, d inawezekana kabisa. Swali ni kama inafaa. Katika kitabu cha kufundishia alfabeti, inafaa. Katika sheria na mitihani haifai, kwa kuwa mazoea ya (a), (b), (c) yamekwishatumika katika maandishi ya Kiswahili ya miongo mingi, na aya ndogo ya (c) inajulikana kwa jina hilo. Jina huwekwa na mapatano ya watumiaji, na kilichokwisha kutajwa kwa jina fulani hakibadilishiwi ili kuiridhisha alfabeti.

6.0 Sarufi ya Kipengele

Orodha hukata sentensi vipande, lakini haiondoi wajibu wa kisarufi wa vipande hivyo. Sentensi ya utangulizi na kila kipengele chake zapaswa kuungana na kuwa sentensi kamili. Katika Kiswahili, sharti hili lina makali zaidi kutokana na upatanisho wa kisarufi na dhamira ya kitenzi. Mfano ufuatao ni wa aina inayoonekana mara nyingi:

Mwombaji anatakiwa:
• awe raia wa Tanzania;
• awe na umri usiopungua miaka 18;
• cheti cha kuzaliwa.

Kitenzi anatakiwa kinadai dhamira tegemezi. Vipengele viwili vya kwanza vimetimiza dai hilo, cha tatu kimeliacha. Msomaji hajui kama cheti hicho ni cha kuwa nacho, cha kuwasilisha au cha kuonyesha tu. Marekebisho yake, awasilishe nakala ya cheti cha kuzaliwa, yanarudisha ulinganifu na wakati huohuo yanatoa taarifa ambayo haikuwapo. Mara nyingi ulinganifu unapovunjika, kuna taarifa iliyofichika katika ufa.

Viambishi vya yambwa vinahitaji uangalifu wa pekee. Katika simulizi, Kiswahili hufungamanisha matukio kwa -ka- na kwa viambishi hivyo: alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayapima. Mfuatano uko ndani ya kitenzi, wala nambari haihitajiki. Katika orodha, nambari inaichukua kazi ya -ka-, na vitenzi hugeuka kuwa vya amri. Lakini kiambishi ya- kinaendelea kulitegemea neno maji lililobaki katika kipengele kingine. Kipengele kinachosema Yaache yapoe, kikisomwa peke yake, hakina mwenyewe. Ndiyo maana katika mfano uliotolewa juu, nomino ilirudiwa: Yaache maji yapoe. Hali ni mbaya zaidi pale nomino mbili za ngeli moja zinapofuatana. Sukari na chumvi zote zinapatanishwa kwa i-, hivyo ipime, ikija baada ya zote mbili, haimwambii msomaji ni ipi. Kanuni inayopendekezwa ni kwamba kila kipengele cha orodha ya maelekezo kiweze kusimama peke yake. Kurudia nomino, ambako katika insha kungehesabiwa kuwa udhaifu wa mtindo, katika orodha ni wema kwa msomaji.

Kinyume chake, kipengele kinachoanza na -ka- au na kisha ni dalili kwamba mwandishi ameweka vitone mahali pa nambari. Lugha yake imekwishafanya uamuzi sahihi, na ni kitufe tu kilichobaki nyuma.

7.0 Msomaji Asiyeuona Ukurasa

Wapo wasomaji ambao kwao tofauti ya orodha halisi na orodha ya bandia si ya unadhifu. Mtu asiyeona hutumia programu inayousoma ukurasa kwa sauti. Inapoikuta orodha halisi, programu hiyo humtangazia kwamba ameingia katika orodha yenye vipengele kadhaa, humwezesha kuruka kutoka kipengele hadi kipengele, na humjulisha anapotoka. Inapoikuta orodha ya bandia, humsomea kistari au nyota, au humsomea aya mfululizo bila kumwambia kwamba mambo ni matano na kwamba hili ni la tatu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti wa mwaka 1999 ulikwishaagiza kwamba orodha ziwekewe lebo zake halisi, na toleo lake la pili, la mwaka 2008, liliendeleza agizo hilo kwa kutaka kila uhusiano unaoonekana kwa macho uwe pia katika msimbo.

Kwa ukurasa wa Kiswahili liko sharti la ziada. Lugha ya ukurasa itangazwe katika msimbo kwa herufi sw. Sauti ya Kiswahili imo katika programu huria ya eSpeak NG, lakini itaitwa tu pale ukurasa unapojitambulisha. Ukurasa usiojitambulisha, au uliorithi utambulisho wa Kiingereza kutoka kiolezo, unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Nambari za orodha nazo zitatamkwa kwa Kiingereza, hata kama kila neno lililoandikwa ni la Kiswahili. Hatua ya kwanza haitakuwa ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Jitihada za kuzitia programu katika Kiswahili si za leo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na wahariri wake hujifunza mapema kwamba nyota mwanzoni mwa mstari huleta kitone, alama ya reli huleta nambari, na mstari mtupu kati ya vipengele huirudisha hesabu kwa 1. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Kazi hizo zilivipa vitufe majina ya Kiswahili, na zinastahili heshima. Kazi iliyobaki ni ya namna nyingine. Kitufe kilichopewa jina la Kiswahili bado hakijui tofauti ya hatua tatu na hatua ya tatu.

Tofauti hiyo inajulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili, hata asiyewahi kusikia neno a-unganifu. Wajibu wa mwalimu wa lugha ni kuileta maarifa hiyo mbele ya skrini. Mwanafunzi afundishwe kujiuliza, kabla ya kubofya, kama anataja idadi, nafasi au jina. Kama vipengele vyake vinaunganishwa na na, kisha au au. Na kama kila kipengele kitaeleweka kikisikika peke yake. Maswali hayo matatu hayahitaji utaalamu wowote wa kompyuta. Yakijibiwa vema, ngeli ya pa- itabaki kuwa ya 16, ibara ya 107A itabaki na jina lake, na mzazi anayesoma maelekezo usiku kwa mwanga wa simu atajua ni kipi cha kufanya kwanza.